Zamu za bamvua: kisa cha familia moja ya Micheweni na mama yao

Lalamiko lililofika kwa sheha, kiongozi wa serikali kijijini, lilikuwa fupi: kuna mwanamke anamfunga mama yake usiku.

Kweli alikuwa anamfunga. Alitumia kanga, ncha moja kwenye mkono wa mama, ncha ya pili kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe, na wote wawili wanalala chini, mkeka mmoja, karibu na mlango. Fundo la upande wa mama lilikuwa legelege, hata mtoto angelifungua. La upande wa binti lilikuwa limekazwa, na kifundo chake kilikuwa na alama. Mama akinyanyuka, binti anavutwa mguu, anaamka. Ndiyo kengele aliyoibuni, na ilimwamsha mara tatu nne kila usiku kwa miezi.

Naandika kisa hiki kwa sababu visa vya namna hii huishia kwenye jibu moja, binti akanywe. Huyu angekanywa, angefungua kanga, na mama angetoka nje saa nane za usiku na kuelekea pwani.

Majina siyataji, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili wenyewe wasijulikane. Mama nitamwita Bi Mkubwa, kama wanavyomwita wanawe. Kitambulisho kinasema ana miaka 78. Kazaliwa Kojani, akaolewa akaletwa kijiji hiki cha pwani wilaya ya Micheweni, Pemba, na huku alijulikana kwa mikeka yake. Watoto walio hai ni watano. Kaka Mkubwa anafanya biashara Unguja mjini. Anayemfuata ndiye huyu mwenye kanga, na nyumba nzima humwita Dada. Wa tatu ni mwanamke aliyeolewa Wete. Wa nne ni mvuvi, mlango wake na wa mama unatazamana. Kitinda mimba yuko Muskati mwaka wa tisa sasa, analea watoto wa watu.

Dada hakuchaguliwa na mtu. Aliachika, akarudi kwa mama na wanawe wawili, na wakati huo Bi Mkubwa alikuwa mzima kabisa, anajipikia. Mama ndiye aliyekuwa akimstiri mwana. Miaka ikageuza mambo bila ya mtu kutangaza, na siku ndugu walipozinduka kwamba mama anahitaji mtu, mtu alikuwa keshapatikana. Ukiwauliza sababu, wote wanakupa ileile: "Yeye hana mume wa kumuuliza." Nimeisikia nyumba nyingi. Aliyeachika, mjane au ambaye hajaolewa huonekana ana nafasi, na nafasi hiyo haina mwisho.

Kabla ya hapo Dada alikuwa mkulima wa mwani mwenye kamba zake. Nilipomkuta, nyingi zilikuwa zimekatika na kuchukuliwa na mawimbi, maana mwani usipoangaliwa haukai wiki sita ukakusubiri.

Vidonge vya njano

Kusahau kwa Bi Mkubwa kulikuja polepole. Mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili. Rakaa anazorudia. Jina la mjukuu anayelala naye chumba kimoja. Baadaye ikaja ile ya "nataka kwenda kwetu". Jua likizama anaanza kukunja kanga zake, anafunga furushi, anatia ndani kisu cha kuchania ukindu na kifuu cha nazi, anasimama mlangoni.

Hapo wangeweza kuendelea muda mrefu. Kilichowaangusha ni wiki chache ambazo mama alibadilika ghafla. Mchana akawa anasinzia hata kwenye sahani, jioni anaona watu ukutani na kugombana nao, usiku halali kabisa. Hakupata choo siku kadhaa. Mkojo ukawa wa shida, tumbo la chini limevimba. Mvuvi akasema uzee umemaliza. Wa Wete akasema mama kachezewa, akaleta mtu wa kisomo na kombe, yaani aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Kombe sikuwa na ugomvi nalo. Angalau alikuwa anakunywa maji.

Nilimuomba Dada anitolee kila kitu ambacho mama anameza. Akaleta vidonge vya presha, na pembeni karatasi iliyokunjwa yenye vidonge vidogo vya njano vya mafua, aina ya klofeniramini, ambavyo kila duka la dawa vipo. Jirani alimwambia vinalaza. Alianza na kimoja wakati wa kulala. Wiki ya kwanza mama alilala, na yeye akalala. Vilipoacha kufanya kazi akaongeza, ikawa viwili usiku na kimoja mchana.

Dawa hizi humlaza kijana mwenye mafua na kesho yake akaenda zake kazini. Kwa mzee, hasa ambaye akili tayari imeanza kuchoka, huweza kumchanganya zaidi, zikamfunga choo na zikamzuilia mkojo. Mkojo unaobaki kibofuni nao huzaa maambukizi, na maambukizi ya mkojo kwa mzee mara nyingi hayaji na homa wala maumivu. Yanaingia kichwani: anaweweseka, anaona visivyokuwepo. Hospitali walimtoa mkojo, wakaupima, wakayakuta maambukizi, wakampa dawa na kumwachisha vile vya njano. Haikuchukua siku nyingi watu wa ukutani wakaondoka.

Kusahau hakukuondoka. Mvuvi alivunjika moyo sana, kwa kuwa alipoona mama anatulia alidhani amepona. Ikabidi tukae tutenganishe mambo mawili ambayo familia ilikuwa imeyachanganya. Kuna kupotewa na kumbukumbu kunakojengeka kwa miezi na miaka. Sababu yake kubwa duniani ni ugonjwa wa Alzheimer, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndio asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa hao. Ni maradhi ya ubongo, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, na hadi leo hakuna dawa ya kuyaponya. Na kuna kuchanganyikiwa kunakoingia ndani ya siku chache, kunakopanda na kushuka kati ya asubuhi na jioni. Hilo ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: huenda ni mkojo, huenda ni kukosa maji, choo kigumu, sukari, au dawa mpya. Mzee mmoja anaweza kuwa na yote mawili, la pili limekaa juu ya la kwanza, na la pili mara nyingi linatibika.

Dada alipoelewa vidonge vimefanya nini hakulia. Aliuliza, "Sasa nitampa nini alale?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu yote niliyokuwa nayo. Alivitafuta vidonge kwa sababu alikuwa hajalala.

Alhamdulillahi

Kuna dodoso linalotumika nchi nyingi kupima uzito alionao mlezi, la Zarit, lenye maswali 22. Unajisikia huna muda wa kwako? Afya yako imeharibika? Ni maswali mazuri, lakini Pemba hayafanyi kazi ukiyasoma yalivyo, kwa sababu kila swali lina jibu moja.

"Hujambo na afya yako, Dada?"

"Alhamdulillahi."

"Mama hakuchoshi?"

"Mama ni pepo yangu. Mie sina taabu."

Mwanamke wa kwetu hatasema kwa mgeni kwamba mama yake anamchosha. Ni kuomba laana kwa mdomo wake. Basi maswali ya moyo nikayaacha, nikauliza ya saa na siku. Jana ulilala saa ngapi, ukaamshwa mara ngapi? Mara ya mwisho ulishuka pwani lini? Harusi gani ya mwisho umekwenda? Nani alikaa na mama siku uliyoumwa? Hayo aliyajibu yote, tena kwa haraka, na jibu la mwisho lilikuwa: hakuna, niliumwa hivyohivyo. Presha yake ilipopimwa ilikuwa juu. Alikuwa na miaka 46.

Nikamuomba binti yake wa skuli aandike kwenye daftari usiku unavyokwenda, bila kuongeza neno. Usiku mmoja uliandikwa hivi, na "mama" humo ni Dada:

"Saa sita na nusu, kaamka, anataka kwao. Saa saba, kalala. Saa nane, kakojoa, tumembadilisha, mama kafua. Saa tisa kasorobo, kaamka, kafungua komeo, mama kamrudisha, bibi kalia. Saa kumi, kaamka. Adhana."

Kikao

Kikao kilikuwa Ijumaa baada ya swala, ukumbini kwa Bi Mkubwa. Mvuvi na mkewe walikuwepo, wa Wete alikuja, Kaka Mkubwa na wa Muskati walikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye kopo la sukari.

Kaka Mkubwa alifungua kwa aya. Akakumbusha Mwenyezi Mungu amekataza hata kuwaambia wazazi "ah", na habari zimemfika kwamba mama anafokewa. Aya ni ya haki, Surat Bani Israil, ya 23, na Dada aliinamisha kichwa, kwani kufoka kweli alifoka. Lakini aya hiyo imeamrisha wema kwa wazazi wawili bila ya kusema wema huo ufanywe na mtoto aliyeachika peke yake. Nilitamani mmoja wa ndugu aseme hivyo. Hakuna aliyesema.

Wa Wete, kwa hasira, akatoa neno la Limbani. Nyumba ya wazee ya Limbani iko huko kwao Wete, kama zilivyo za Sebleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na serikali imeziweka kwa wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Mkewe mvuvi akamwambia, "Wifi, watoto watano?" Likaishia hapo.

Kilichogeuza kikao ni daftari. Mvuvi ndiye aliyelisoma, kwa sauti, usiku baada ya usiku. Yeye analala hatua chache kutoka mlango ule na hakuwa anayajua hayo. Alipomaliza, wa Muskati akasema kwenye simu:

"Kaka, mie hapa kazi hii nalipwa. Na Ijumaa napumzika."

Alikuwa akituma fedha kila mwisho wa mwezi na kwa hesabu yake alikuwa amekwisha kutimiza. Nyumbani fedha ile iligeuka sukari, maziwa, mchele, na pampasi za watu wazima ambazo ni ghali. Pensheni jamii ya Bi Mkubwa nayo ilikuwa ikiishia kwenye pampasi. Pensheni hii Zanzibar ilianza kuitoa Aprili 2016 kwa kila mkaazi aliyefika miaka 70, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na sasa imepandishwa hadi 50,000. Ni msaada mkubwa na haina masharti ya umasikini. Lakini fedha yote iliyoingia nyumba ile ilimnunulia mama vitu, na haikumnunulia Dada hata usiku mmoja. Ndugu walio mbali wanapojiona wametoa na mlezi anapojiona ametupwa, mara nyingi wote wanasema kweli.

Basi suala likawa usiku nani anakaa, na mchana nani anakaa. Wanaume wakarudi nyuma hapo: mama haogeshwi na mwanawe wa kiume, haya ni mambo ya kike. Sawa, kuogesha na kubadilisha nguo hakuna aliyewaomba, na Bi Mkubwa mwenyewe asingekubali. Ila kulala ukumbini karibu na mlango, kuzungumza na mama akiamka, kumrudisha kitandani, kuteka maji, kumpeleka kliniki, hakuna hata moja linalohitaji mwanamke. Mvuvi alikubali kabla ya kaka yake.

Mwezi

Zamu ya kwanza waliipanga kwa siku za wiki. Mke wa mvuvi achukue asubuhi za Jumatatu na Alhamisi, mvuvi alale ukumbini usiku wa Jumamosi na Jumanne. Ilionekana vizuri kwenye karatasi, na haikumaliza mwezi.

Kijiji kile hakiendi kwa wiki. Mwani, ambao Zanzibar umelimwa tangu 1989 na mwingi wake unatoka Pemba, unashughulikiwa wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku hizo maji hutoka mbali saa nne, saa tano za asubuhi, na wanawake wote wako chini na taitai zao, nyuzi za kufungia mwani, na kamba zao kwa siku tano sita. Kwenye maji mafu, bahari isipotoka mbali, hakuna cha kufanya huko. Zamu ya mke wa mvuvi ikiangukia bamvua, naye ana mwani wake, hatokei. Ikiangukia maji mafu, anakuja, na Dada amepata mapumziko siku ambayo hana pa kwenda. Mvuvi naye ni mtu wa dagaa wa taa. Usiku wa giza yuko baharini, iwe Jumamosi iwe Jumanne. Mbalamwezi ndiyo inayomlaza nyumbani.

Dada mwenyewe ndiye aliyesema, tena kwa mkato: "Tupange kwa mwezi."

Wakapanga kwa mwezi. Siku za mbalamwezi mvuvi analala ukumbini mlangoni na Dada analala chumba cha ndani, mlango umefungwa. Anaamshwa tu ikiwa mama kajichafua. Kanga ikafunguliwa. Mahali pake pakawekwa kopo lenye vijiwe, limetundikwa kwenye komeo, likigongeka linamwamsha aliye ukumbini. Bamvua la mwezi mpevu, Dada anamuogesha mama asubuhi mapema, anamlisha, saa nne anashuka pwani, na mvuvi anakaa mpaka saa saba. Bamvua la mwezi mwandamo mvuvi anarudi na dagaa alfajiri, hafai kitu, kwa hiyo anakuja wa Wete na kukaa siku zote tano. Nauli yake, na kitu kidogo cha kuacha nyumbani kwake ili mume asinung'unike, kinatoka Muskati. Wa Muskati alipunguza fedha ya matumizi ili kulipia hili, na Kaka Mkubwa akabeba pampasi.

Kwa maoni yangu hapo ndipo kisa hiki kina cha kufundisha kuliko mahali pengine. Ushauri wa walezi ulioandikwa mijini unahesabu kwa wiki, kwa sababu mjini kazi inahesabiwa kwa wiki. Familia ya wakulima wa karafuu ingehitaji kupanga kwa msimu wa mchumo. Ya Chake Chake yenye waajiriwa wa serikali, Jumamosi na Jumapili zingetosha.

Saa tatu za mvuvi na mama yake zilikuwa ngumu mwanzoni. Alikuwa anakaa naye kama mgeni, hajui amwambie nini, na kila akiulizwa "wewe nani?" anajitambulisha upya kwa jina kamili na la baba. Mjukuu ndiye aliyemletea bibi miyaa ya ukindu. Mikono ya Bi Mkubwa haikusahau kusuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Mambo ya mikono yaliyozoewa tangu utotoni hudumu muda mrefu hata majina yakishapotea. Ukili ulikwenda upande, ukapana na kuwa mwembamba, na Dada akakataza mtu yeyote asiufumue mbele yake. Sasa mmoja anasuka na mwingine anatengeneza nyavu, na maswali yamepungua.

Kuhusu "kwetu", wameacha kubishana. Mwanzo walikuwa wakimwambia kwamba hapa ndipo kwako, baba yetu kafa, Kojani hakuna mtu tena, na kila mara alilia upya msiba uleule. Mjukuu wa kike ana jibu lake: "Bibi, chombo hakiondoki usiku huu, tulale." Kojani ni kisiwa, kusubiri chombo ni jambo analolijua, anakubali. Dada hapendi, anaona ni uongo kwa mama. Yeye humuuliza, "Kojani kwa nani, mama?" Bi Mkubwa anaanza kuwataja, mmoja mmoja, mpaka analala. Njia zote mbili zinafanya kazi, na sikuona sababu ya kuwalazimisha wachague moja.

Yaliyobaki

Usiku wa giza bado ni wa Dada peke yake, isipokuwa zile siku za wa Wete. Mvuvi hawezi kuacha dagaa, na hakuna aliyemtaka aache. Kwa usiku uliobaki wanazungumza na mjane mmoja wa jirani alale pale kwa malipo; wanachobishania ni kiasi.

Kubwa zaidi ni kwamba zamu hii ina muda wake. Imejengwa juu ya mama anayetembea. Siku atakayolala asinyanyuke, mlango na kopo la vijiwe havitakuwa na kazi, na kazi itakuwa kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mifupa ya nyonga na visigino isipate vidonda vya kulalia, kumkalisha vizuri anapomeza asipaliwe, kumsafisha kitandani. Hayo mengi yatarudi kwa wanawake, na mvuvi aliyebeba nusu ya mzigo atajikuta hana la kufanya kama hawatampangia mapema. Nimewaomba waanze kuyafanya mazoezi sasa, na yeye mvuvi amejifunza kumgeuza mtu kwa shuka akiwa amestiriwa, mkewe ndiye aliyelala chini kufanyiwa majaribio.

Kaka Mkubwa aliahidi siku kumi za kuja kukaa, mwezi wa Mfungo Tatu. Mfungo Tatu imepita. Ndugu wamekubaliana kwamba asipokuja kabla ya msimu wa karafuu, malipo ya yule mjane yatakuwa juu yake, na ameandikiwa hivyo kwenye simu na wa Muskati, si na Dada.